Figo, shamba la Mambrui na ndugu watano: kisa cha nyumba moja ya Malindi

Tangazo lililozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Malindi lilikuwa na picha ya mwanamume aliyekonda mashavu, namba ya M-Pesa ya dada yake, na kiasi kimoja tu: shilingi 2,500,000 za kupandikizwa figo. Kiasi hicho hakikuwa cha uongo. Kilitoka kwenye karatasi ya makadirio ya hospitali moja ya binafsi, yenye muhuri na sahihi. Ila karatasi ile ilihesabu siku za operesheni, na familia ikadhani umehesabiwa ugonjwa wote. Karibu kila lililowahangaisha baadaye lilianzia hapo. Kisa chenyewe nimekiunga kutokana na nyumba zaidi ya moja za mwambao zilizopita njia hiyohiyo, na fedha za nyumbani ni makadirio, asije akatambulika mtu.

Mgonjwa na watu wake

Mgonjwa ana miaka 44. Ni nahodha wa boti ya kioo, zile zinazowapeleka watalii kutazama matumbawe kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968. Mkewe hukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi alfajiri, akawauzia majirani wa Shela na watoto wanaokwenda shule. Wana watoto watatu. Mama mzazi yu hai, naye ana sukari. Baba alishafariki. Ndugu ni watano: kaka mkubwa ni seremala, wa pili ndiye mgonjwa, anafuata dada aliye mwalimu wa shule ya msingi Mombasa, kisha dada anayefanya kazi za ndani Saudia, na kitindamimba ni mzamiaji wa kamba aliyeoa Kizingitini, kisiwani Pate, akakaa hukohuko.

Presha alijua anayo. Dawa alimeza siku kichwa kikimgonga. Akipata nafuu, aliacha. Juu ya hapo, mgongo wa kuvuta nanga ulimzoesha diklofenaki ya dukani, kidonge kimoja asubuhi kabla ya kushuka ufuoni na kingine jioni. Dawa za maumivu za aina hiyo, zikimezwa mfululizo na mtu mwenye presha, hupunguza damu inayozifikia figo. Kipi kiliharibu zaidi, presha au vidonge, hakuna daktari aliyemwambia kwa yakini, na kwa hali aliyofika nayo jibu lisingembadilishia kitu. Ramadhani ya 2024 alianza kutapika baada ya futari na miguu ikavimba. Nyumbani ikasemwa ni vidonda vya tumbo. Alipofikishwa hospitali, figo zilikuwa hazijabakiza kazi ya maana. Akatiwa mpira shingoni, akaanza kusafishwa damu juma lilelile.

Kikao kimoja cha kusafisha damu huchukua kama saa nne. Wataalamu wengi hupendekeza vikao vitatu kwa juma. Bima ya taifa ilimlipia viwili. Kati ya kikao na kikao, maji na potasiamu, madini yaliyomo kwenye vyakula, hujikusanya mwilini, na hapo ndipo chakula cha pwani kinapomgeuka mtu. Dafu, tende, ndizi, muhogo, embe: vyote vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi moyo waweza kusimama pasipo dalili ya kutangulia. Mama yake, aliyelea watoto watano akiamini dafu husafisha figo, alimletea dafu hadi kwenye kiti cha mashine, limeshatobolewa na mrija ndani. Muuguzi alilipokea mkononi mwake kabla halijafika mdomoni.

"Mama, hili mimi na wewe tukinywa ni shifaa. Huyu akinywa, twaweza kumkosa leo usiku."

Tangu hapo muhogo nyumbani hukatwa vipande vidogo, ukachemshwa kwa maji mengi, maji yakamwagwa, ukachemshwa tena ndipo ukatiwa tui jepesi. Hauna ladha, asema mkewe, lakini huo ndio ulioruhusiwa. Tende za futari zimebaki za watoto.

Upande wa fedha, kipindi hiki cha mashine hakikuwa kibaya kama watu wanavyodhani. Bima ya taifa, NHIF, ilipobadilishwa kuwa SHA tarehe 1 Oktoba 2024, malipo ya kikao yalipanda hadi shilingi 10,650. Vikao vinane kwa mwezi ni shilingi 85,200, na hizo hazikutoka mfukoni mwao. Wao walihitaji kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, maana asiye na mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya kipato chake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Nauli za bodaboda, sindano za kuongeza damu zilipokosekana, vipimo vya ziada, hivyo vilikuwa juu yao. Lakini kazi ilikuwa imekwisha. Nahodha anayelala kwenye kiti siku mbili kwa juma na kuamka kesho yake hana nguvu za kusimama, watalii hawamngoji. Ndipo familia ikaanza kuzungumza habari ya kupandikiza.

Nani atoe

Kenya sheria ya afya ya 2017 inamruhusu mtu kuusia viungo vyake vitumike akifa, lakini kwa vitendo upandikizaji wa figo nchini unategemea mtoaji aliye hai. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, swali la kwanza ni nani. Familia hii ilikwenda kinyume: ilianza kuchangisha, mtoaji ikamtafuta baadaye.

Mama alijitolea wa kwanza. "Twaeni yangu. Mimi nimeshakula umri wangu." Sukari ikamtoa kabla hata ya kupimwa. Dada mwalimu ni kundi A na mgonjwa ni B, haikuwezekana. Wa Saudia yuko kwenye mkataba na pasipoti yake iko kwa mwajiri. Kaka mkubwa kundi lilikubali, akafurahi, akaanza hata kuaga wateja wake wa makabati. Kisha muuguzi akamfunga mkanda mkononi: 168 kwa 104. Akapumzishwa, akapimwa tena, ikawa vilevile. Mtu aliyekuja kutoa figo akaondoka na cheti cha dawa za presha. Kama nyumba hii ina bahati yoyote katika kisa hiki, basi ni hiyo, maana mdogo wake alifika pale alipofika kwa maradhi hayohayo.

Akabaki kitindamimba, miaka 29, kundi O. Alitoka Kizingitini kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi la alfajiri kupitia Witu na Garsen. Ndugu wa baba na mama mmoja huwa na nafasi moja kwa nne ya kulingana kikamilifu kwa tishu, mbili kwa nne ya kulingana nusu, na moja kwa nne ya kutolingana kabisa. Hawa walilingana nusu. Kwa figo inayotoka kwa mtu hai, hiyo yatosha, na damu zao zilipochanganywa kwenye maabara hazikugombana.

Mke wa kitindamimba ndiye aliyesimama. Alisema haya mbele ya wakwe zake wote, na si jambo rahisi kwa mke wa kitindamimba:

"Mimi sikatai shemeji apone. Lakini huyu ndiye anayezamia. Akipatwa yeye, nani atampa?"

Wazee wawili walikunja uso. Mimi naona ndiye peke yake aliyeuliza la maana siku ile. Jibu la kitabibu lipo: mwenye figo moja nzima huishi maisha ya kawaida, ile iliyobaki huongeza kazi yake, sharti ajilinde na presha na sukari na apimwe kila mwaka. Lakini swali lake lilikuwa pia la riziki. Baada ya kupasuliwa, mtoaji hapaswi kubeba vizito kwa majuma kadhaa, na kwa mzamiaji ni miezi kabla ya kurudi chini ya maji. Miezi hiyo nyumba ya Kizingitini inakula nini?

Kabla ya lolote, madaktari walimketisha kitindamimba peke yake, pasipo kaka wala mama. Wakamwambia anaweza kukataa wakati wowote, hata asubuhi ya operesheni, na akikataa familia itaambiwa tu kwamba hafai kutoa, basi. Wengi hawajui kwamba mlango huo upo. Pwani yetu, ambako mdogo hamkatalii mkubwa mbele ya mama, bila mlango huo hiari ni jina tu.

Alikubali, kwa sharti moja: ifanywe wakati wa kusi. Kusi ikivuma bahari huchafuka, wazamiaji wengi hukaa nchi kavu, hivyo atapoteza kidogo. Kaskazi ikiingia Novemba, awe ameshapona na bahari imetulia. Ikapangwa Juni 2025. Na dada mwalimu akaandika kwenye daftari lake shilingi 80,000, elfu ishirini kwa mwezi kwa miezi minne, zitumwe kwa simu ya mke wa Kizingitini, kwa jina lake yeye. Kuna mjomba aliyeuliza kama huko si kununua figo. Siko. Sheria ya 2017 inakataza kuuza na kununua kiungo, lakini gharama halali alizozipata mtoaji zinarudishwa. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za 2010 zinataja hata kipato alichokipoteza. Kilichokatazwa ni mtu kupata faida. Swali la dini lilikuwa fupi zaidi: Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilishapitisha huko Jeddah mwaka 1988 kwamba kutoa kiungo kwa hiari kunafaa iwapo mtoaji hahatarishi uhai wake, na kwamba kukiuza hakufai. Shekhe wa mtaani alisema hivyohivyo.

Karatasi ziliwachelewesha kuliko dini. Jina la mama kwenye cheti cha kuzaliwa cha mgonjwa lilikuwa na herufi mbili tofauti na lililo kwenye cheti cha kitindamimba, na hospitali ilitaka uthibitisho wa undugu usio na shaka. Kiapo mbele ya wakili, barua ya chifu, safari ya kufuata muhuri. Si ukaidi tu wa maofisa. Aprili 2025 serikali ilikuwa imesimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya binafsi ya Eldoret kufuatia madai ya biashara ya viungo, na hakuna daktari aliyetaka kusaini undugu asioweza kuutetea.

Biashara hiyo iliwagusa wao pia. Dalali mmoja alimpigia kaka mkubwa akasema figo ipo, hakuna haja ya kumpasua ndugu, watu wa mbali wana shida ya pesa. Walisita kwa siku kadhaa. Ningekuwa mwongo nikisema walimfukuza papo hapo. Kilichowatoa ni dada mwalimu kutaka jina la huyo mtu na kuongea naye. Dalali akataka nusu ya fedha kwanza, kisha simu yake ikawa haipatikani.

India ilijadiliwa jioni moja. Wakala alitaja dola 14,000, kama shilingi milioni 1.8. Ndani yake hamkuwa na tiketi, viza, wala miezi ya kupanga chumba, na sheria ya India ya 1994 inataka barua ya ubalozi kuthibitisha undugu. Kitindamimba hana pasipoti. Likafungwa.

Shamba

Baba aliacha shamba la minazi Mambrui, hati iko kwa jina lake, mirathi haijagawanywa tangu azikwe. Kaka mkubwa alisimama kwenye kikao akasema: tuuze, ni milioni mbili na laki nne, ukijumlisha na michango figo imelipwa na chenji inabaki. Kila mtu akaitikia. Mnunuzi alikuwa tayari, tena na pesa mkononi, ila kwa kuwa hati ni ya marehemu akataka apewe kwa 1,600,000.

Penye shida watu huharakisha, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini hesabu ya sharia haikuwa kama walivyodhani. Mke wa marehemu ana thumni, yaani sehemu moja kwa nane, na kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Shamba likiuzwa kwa 2,400,000, mama ana 300,000, kila mtoto wa kiume 525,000, kila wa kike 262,500. Haki ya mgonjwa ni 525,000. Zilizobaki zote ni za wengine, hata kama wote wanampenda. Wakiuza kwa pupa kwa 1,600,000, haki yake inashuka hadi 350,000, na kila mmoja wao amepoteza theluthi ya chake ili kuokoa miezi michache ya makaratasi.

Dada mwalimu hakulisema hilo kikaoni. Alilipeleka kwa mama usiku, daftari mkononi, akamsomea mstari kwa mstari. Asubuhi mama akatoa kauli: shamba liuzwe kwa njia ya Kadhi, kila mtu apewe chake mkononi, halafu anayetaka kumpa ndugu yake ampe kutoka mkononi mwake. Na lake yeye, laki tatu, liwekwe. Hajui atazeeka vipi. Kuna waliosema mama amekuwa mgumu. Mjane mwenye sukari, asiye na kipato, ambaye mwanawe mmoja ni mgonjwa wa figo na mwingine ana presha: akimaliza fungu lake leo, kesho mgonjwa wa kuchangiwa atakuwa yeye.

Ilichukua miezi. Mahakama ya Kadhi ya Malindi ikagawa, mnunuzi mwingine akapatikana kwa bei kamili, na Mei 2025 mgonjwa akapokea 525,000 zake. Katikati ya kungoja huko alikuwa bado yuko kwenye mashine, na mashine inalipiwa. Hiki ndicho kitu ambacho familia nyingi hazikioni: mashine inachosha, inafupisha umri, lakini inanunua muda wa kufanya mambo kwa utaratibu. Hakukuwa na sababu ya kitabibu ya kuuza shamba kwa bei ya mnada mwezi ule.

Daftari la dada

Makadirio ya pili waliyapata hospitali nyingine ya Nairobi: shilingi 1,600,000 kwa operesheni zote mbili na siku za wodini. Fungu la bima kwa upandikizaji walitajiwa ni 700,000. Pengo, 900,000. Vipimo vya watu wawili, 180,000. Baada ya operesheni mgonjwa huhitajika karibu na hospitali kwa miezi mitatu hivi, mwanzoni akipimwa damu mara kadhaa kwa juma, kwa hiyo chumba Eastleigh miezi minne kwa 17,000, na chakula na nauli 20,000 kwa mwezi: jumla 148,000. Za Kizingitini, 80,000. Mpaka hapo ni 1,308,000.

Mchango ulileta 1,140,000. Humo mna sanduku la Ijumaa la misikiti miwili, chama cha manahodha wenzake waliotoa mapato ya siku nzima ya boti zao, na Mtaliano mmoja mzee ambaye amekuwa akipanda boti yake kila mwaka. Mama akauza bangili zake mbili, 150,000. Jumla 1,290,000. Hapo wanaume wa nyumba wakasema tumefika, tupange siku hata kabla ya shamba, kumi na nane elfu zinazopungua tutakopa.

Dada akafungua ukurasa wa pili, ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Juu yake kulikuwa na majina matatu: takrolimasi, maikofenoleti, predinisoloni. Mwili hautambui undugu. Figo ya ndugu nayo huonekana mgeni, na kinga ya mwili huishambulia. Dawa hizi huizuia kinga isifanye hivyo, kila siku, kwa saa zilezile, kwa muda wote figo itakapokuwa ndani. Dukani walimpa makadirio ya 32,000 kwa mwezi kwa mwaka wa kwanza, 384,000 kwa mwaka. Safari za kliniki Nairobi na vipimo vya kiwango cha dawa kwenye damu, 90,000. Alijipanga kama kwamba zote ni juu yao, na ikitokea bima ikachukua sehemu, iwe nafuu. Mahitaji halisi ya mwaka wa kwanza yakawa 1,782,000. Wangefanya operesheni kwa zile 1,290,000, mgonjwa angetoka wodini na figo mpya na mfuko mtupu. Figo iliyopandikizwa ikikosa dawa hufa, mgonjwa hurudi kwenye mashine, na figo ya mdogo wake imekwenda bure.

Akasema siku haipangwi mpaka dawa za miezi 12 ziwe kwenye akaunti yake peke yake. Kaka mkubwa alimwita mchoyo. Hawakuzungumza karibu mwezi mzima. Salamu zilipitia kwa mama. Fungu la shamba lilipoingia, jumla ikawa 1,815,000, na chenji ya 33,000.

Kama kuna uamuzi mmoja uliookoa kisa hiki, ni huo wa dada. Tangazo la milioni mbili na nusu liliwavuta watu kwenye siku moja kubwa, yenye picha, dua na machozi, na watu huchangia siku kubwa. Hakuna anayechangia kidonge cha mwezi wa 19. Laiti wangetangaza tangu mwanzo kiasi kidogo cha operesheni na kando yake mfuko wa dawa wa kila mwezi, wangepata waitikiaji wa kudumu, hata wa shilingi 500. Baadaye walijaribu; waliojibu walikuwa wachache, kwani wengi walihisi walishatoa. Ile shilingi 2,500,000 pia iliwaharibia kidogo: hospitali nafuu ilipopatikana, kuna walionong'ona kwamba zilizobaki zimeliwa. Dada alipiga picha kurasa za daftari akazituma kwenye kundi, ukurasa kwa ukurasa, risiti juu yake. Minong'ono ikapungua.

Baada ya Juni

Operesheni ilikwenda vizuri. Kitindamimba alitoka wodini baada ya siku chache, akakaa Malindi kwa mama hadi kidonda kikakauka, akarudi Kizingitini. Novemba alikuwa baharini. Anapimwa presha kwenye zahanati, na mkewe ndiye anayetunza kadi.

Kwa mgonjwa, tatizo lilikuja mwezi wa tatu. Kiwango cha takrolimasi kwenye damu kilikuwa chini, na kreatinini, taka ya damu inayoonyesha kama figo inachuja, inapanda. Daktari akauliza kama anameza ipasavyo, akasema ndiyo. Dada akaomba maboksi, akamwaga vidonge juu ya kitanda, akahesabu. Vilikuwa vingi kuliko vilivyopaswa kubaki.

"Nilitaka zifike mbali," alisema. Alikuwa akiruka cha jioni.

Mtoto wake wa kidato cha pili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo, na mtu aliyezoea kulisha nyumba akaona njia pekee aliyonayo ya kuchangia ni kubana dawa. Akalazwa, akachomwa dozi kubwa za steroidi kwa siku tatu, figo ikatulia. Gharama 96,000 ambazo hazikuwa kwenye ukurasa wowote. Ile chenji ya 33,000 ikaenda, na dawa za karibu miezi miwili zikaenda nayo. Ningepanga upya kisa hiki, ningetia akiba ya kulazwa mara moja ndani ya mwaka wa kwanza, kwa kuwa mwaka huo ndio mwili hugoma zaidi. Na karo ya watoto ningeiandika ndani ya gharama za figo, maana ndiyo iliyokula dozi.

Sasa hasafiri na boti. Jua kali la mchana kutwa na dawa za kushusha kinga havipatani kwa ngozi, na maambukizi ya kawaida kwake ni hatari. Anakaa ufuoni chini ya mkungu akipokea simu za watalii na kuwapangia boti za wenzake, na kila boti humpa fungu lake. Msimu ukiwa mzuri hupata kama 10,000 kwa mwezi, ukiwa mbaya nusu yake. Dafu moja moja ameruhusiwa.

Hesabu ya mwaka wa pili dada ameshaiandika. Dozi zikipunguzwa kama daktari anavyotarajia, dawa na vipimo ni 30,000 kwa mwezi. Wa Saudia amekuwa akituma 15,000 za matumizi ya nyumba na karo, lakini mkataba wake unakwisha, na mama amesema akirudi asiulizwe chochote kwa mwaka mmoja. Kaka mkubwa, ambaye sasa wanazungumza, ameweka 5,000. Mahamri na mbaazi, 8,000. Ufuoni, 10,000 za msimu mzuri. Hizo ni 23,000. Wamefikiria kupangisha chumba cha mbele cha nyumba, wamefikiria pia kumrudia yule Mtaliano, na mgonjwa mwenyewe amekataa la pili. Fundi amekuja kutazama chumba: choo chataka kujengwa upya kabla mpangaji hajaingia.